Ubao wa Abuya

Shule ya msingi ilipouza madawati mabovu
nilinunua mawili, bei ya kuni.
Nikayapasua, nikapigilia sanduku,
tundu lake upana wa kiganja na kidole gumba,
nikalipandisha mgungani, ukingoni mwa majaruba,
shina nikalivika bati, kenge ateleze.
Ndani nikamwaga maranda, konzi nne.
Hapa Ahero anayewatandikia bata mwitu ni mimi peke yangu.
Wengine huwafukuza kwa debe.

Mwezi wa tano alikuja jike.
Akachungulia, akaenda,
akarudi na dume mwenye nundu puani,
ambaye hakuingia. Hakuingia hata siku moja.

Nina kioo cha kunyolea, nimekifunga kwenye ufito.
Jike akishatoka kula, ninahesabu,
naandika nyuma ya daftari la hisabati la Akeyo:

Jumatatu, moja. Jumanne, mawili.
Jumatano, manne.

Nikahesabu tena. Bata ni bata,
hutaga moja kwa siku hata awe na haraka gani.
Alhamisi, matano. Ijumaa, manane.
Jumamosi nikaamka kabla malori ya mchanga hayajanguruma,
nikawaona: wa kwanza anatoka, wa pili anaingia,
wa tatu yuko tawini, anangoja zamu
kama mtu nje ya choo cha soko.

"Wake wenza," akasema Rispa wa ng'ambo ya mfereji,
akicheka hadi kilemba kikafunguka.
"Nyumba moja, kitanda kimoja.
Haya, tuone nani atalala na watoto."

Mayai ishirini na saba, rangi ya maziwa yaliyolala,
na hakuna lenye jina.
Wawili wakaenda zao mpungani.
Mmoja akabaki. Akajinyonyoa malaika ya kifua
mpaka ngozi ikaonekana, akatandika.
Hakuwa ameanza kuatamia mapema; alingoja la mwisho
ndipo akayalalia yote,
ili yote yahesabu siku pamoja,
la kwanza lisije likajiona kaka mkubwa.
Akienda kunywa maji aliyafunika polepole,
kama mtu anayeficha pesa ndani ya unga.
Kifua hakikutosha. Ya pembeni yalipoa,
akayavuta kati, ya kati yakaenda pembeni,
hivyo hivyo, mwezi mzima.

Sokoni huniuliza, "Katika hawa, wako ni yupi?"
Nasema wote.
Wanawatazama pua.

Siku ya thelathini na moja sanduku likaanza kulia.
Ndipo nikakumbuka kosa langu:
ubao wa dawati umepigwa msasa na viwiko vya miaka,
hauna pa kushika. Kifaranga anapanda, anateleza,
anapanda, anawaangukia wenzake.
Chini, mama anaita. Anaita.
Nikainua kioo, nikatafuta ngazi kwa mawazo,
nikaona upande mmoja wanapanda.

A. B. U.
Imechimbwa kwa ncha ya bikari, kina cha ukucha.
Ubao niliusimamisha wima, jina likasimama nalo.
Y. Na A ya mwisho karibu kabisa na tundu.

Alichapwa sita kwa jina hilo, mbele ya gwaride,
na mama akalipa kuku kwa kuharibu mali ya shule.
Abuya, ndugu yangu,
aliyeniachia watoto watatu
na namba ya simu isiyopatikana.

Kumi na tisa waliruka. Wepesi kama pumba,
wakadunda nyasini, wakainuka, wakapanga foleni,
na yule jike mwenye kifua kitupu
akawapeleka majini bila kugeuka.
Manane yalibaki. Sikuyagusa hadi Jumapili.

Jioni Akeyo akarudi na daftari, amenuna.
Mwalimu alikuwa amefika kurasa za nyuma.
Kando ya moja, mawili, manne,
kwa wino mwekundu:
Onyesha njia.